Mbwa wetu anachechemea mguu wa nyuma na paja linakonda: ni goti kweli?

SWALI

Daktari, pole na kazi.

Tunaishi Njiro, Arusha, na tuna mbwa mdogo aina ya Jack Russell, jina lake Popi. Ni dume, anakaribia miezi tisa, na ana kilo sita. Tulimchukua Moshi akiwa mdogo sana, kwa mfugaji anayezalisha mbwa wa aina hiyo nyumbani kwake.

Tangu kabla ya masika Popi anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu akiamka. Alikuwa anatembea kwa shida, mwili ukipata moto anakimbia na wenzake kama kawaida, nasi tukadhani amejigonga. Sasa hivi anachechemea kutwa, na akisimama kula anauinua ule mguu, haugusi chini kabisa. Binti yangu Neema, ambaye ndiye humwogesha, ameniita juzi akaniambia, "Baba, paja la huku limekonda." Nikashika yote mawili, kweli kabisa. La kushoto limejaa, la kulia unagusa mfupa.

Kitu kingine, zamani alikuwa anapenda kubebwa. Siku hizi mama Neema akimbeba kwa kumshika nyuma anapiga kelele, na mara moja aligeuka kutaka kumng'ata, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kwenye gari haruki tena kupanda, anakaa chini anatutazama. Nyayo nimezikagua kwa tochi, sijaona mwiba wala kidonda wala funza. Anakula vizuri, hana homa ninayoijua mimi.

Nilimpeleka kwa mtu mwenye duka la dawa za mifugo hapa jirani. Akamchoma sindano, akasema ni ya uvimbe, na Popi akawa mzima kwa siku chache halafu ikarudi. Nikarudi naye, akachomwa tena, ikawa vilevile. Safari hii amenipa na dawa ya maji ya kalsiamu, anasema mifupa ya mbwa huyu ni dhaifu.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani yetu ana jike mdogo wa Yorkshire ambaye akikimbia huruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, anaupiga mguu nyuma mara moja, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Anasema ni ugonjwa huohuo, pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, inahama, na wa kwake ameishi nao miaka bila dawa, kwa hiyo tusubiri. Ana diclofenac za mgongo wake zimebaki, amesema tumpe nusu kidonge asubuhi na jioni. Shemeji yangu anasema mbwa wa miguu mitatu ni wa nini, apigwe sindano ya mwisho apumzike. Neema alisikia maneno hayo, na tangu siku hiyo analala na Popi chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa.

Nilimpigia mfugaji wa Moshi. Amesema katika uzao ule yupo dada yake Popi naye anachechemea, ila hakuona ni jambo kubwa. Tena anataka Popi akipona akampandishie jike wake mwingine.

Naomba unisaidie, Daktari. Ni goti kweli? Hizo diclofenac nimpe? Na kama ni upasuaji, je, mbwa mdogo namna hii anapasuliwa akapona, au nitatupa pesa wakati ada ya shule iko mlangoni? Na huyu wa Moshi nimjibu nini?

Baba Neema, Njiro

JIBU

Nimeshapoa, Baba Neema. Pole wewe na familia, na mpe pole Popi.

Nianze na lile lisilosubiri. Diclofenac usimpe, iwe nusu wala robo. Vidonge hivyo, pamoja na ibuprofen, ndivyo nilivyoviona mara nyingi kuliko sumu yoyote ya panya vikiwa vimetolewa kwa upendo kwenye nyumba nzuri. Tumbo la mbwa na figo zake havizimudu dawa hizi kama sisi. Hutoboa vidonda tumboni, mbwa anaanza kutapika, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami, na figo zinaweza kufa. Kwa mbwa wa kilo sita, kidonge kilichotengenezewa mtu mzima ni mzigo mkubwa mno hata ukikikata. Kwa Popi hatari inazidi, kwa sababu ya zile sindano. Sikuziona, lakini sindano "ya uvimbe" inayomfanya mbwa mzima kwa siku chache halafu tatizo linarudi vilevile, mara nyingi huwa ni deksamethasone, dawa ya jamii ya steroidi. Steroidi ikikutana na diclofenac ndani ya mwili mmoja, hatari ya tumbo kutoboka inapanda sana. Kwa hiyo rudi pale dukani kwa heshima, uombe uandikiwe jina la dawa, kipimo na tarehe alizochomwa. Daktari atakayempokea Popi atalihitaji hilo karatasi kabla hajampa chochote, maana zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloxicam na carprofen, ambazo hawezi kuzianza mpaka steroidi ipungue mwilini.

Sasa tuje kwenye mguu wenyewe.

Jirani yako hajakosea kuhusu mbwa wake. Ulivyomweleza yule jike, ndivyo hasa pia ya goti inavyofanya ikihama. Kwenye mfupa wa paja, mbele ya goti, kuna mfereji ambamo pia hupanda na kushuka mguu unapokunjwa na kunyooshwa. Kwa mbwa wengi wadogo mfereji huo ni wa kina kifupi, au mifupa ya mguu imepinda kidogo kiasi kwamba msuli wa paja unaivuta pia upande wa ndani. Inachomoka, mguu unakwama ukiwa umekunjwa, mbwa anaruka kwa mitatu. Akiupiga mguu nyuma pia inarudi mahali pake na maumivu yanaisha palepale. Madaktari huipanga hali hiyo kwa daraja nne. Katika ya kwanza pia ya goti hutoka ikisukumwa kwa kidole tu na inarudi yenyewe, na ya nne ni ile ambayo pia iko nje siku zote na hairudi hata ikisukumwa. Yule jike anaonekana yuko daraja la pili, na wapo wengi wa aina hiyo wanaozeeka bila kisu, mradi wasinenepe. Ila mwambie jirani amwangalie. Mbwa wa namna hiyo akianza kuchechemea bila kuachia, huenda kano ya ndani ya goti nayo imekatika, na hapo kusubiri hakufai.

Lakini Popi siyo yule jike. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikirudi naona mambo yaleyale manne ambayo goti peke yake haliyaelezi vizuri. Hachechemei kwa vipindi, anachechemea kutwa na hali inazidi wiki hata wiki. Paja limekonda, na paja halikondi kwa kuruka hatua mbili tatu, hukonda mguu ukikaa muda mrefu bila kubeba mwili. Analia akibebwa kwa nyuma, yaani paja linapovutwa nyuma au kutanuliwa. Na umri wake. Mbwa mdogo wa jamii ya teria, kama huyu Jack Russell wenu, anayeanza kuchechemea taratibu mguu mmoja wa nyuma kati ya miezi minne na mwaka mmoja, bila ajali, mimi mkono wangu unakwenda kwanza kwenye nyonga, goti baadaye.

Ugonjwa ninaoushuku una majina ya watu watatu, Legg, Calvé na Perthes. Wa kwanza alikuwa Mmarekani, wa pili Mfaransa, wa tatu Mjerumani, na mwaka 1910 kila mmoja kwa upande wake aliueleza kwa watoto wa binadamu. Mbwa wadogo huupata pia, hasa Yorkshire, West Highland, Cairn, Manchester, na hawa Jack Russell.

Kinachotokea ni hiki. Juu kabisa ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na hapo ndipo mguu unapozungukia kama mchi ndani ya kinu. Kichwa hicho hulishwa na mishipa midogo sana ya damu, na kwa mbwa anayekua njia za damu kufika pale ni chache. Damu ikikatika, mfupa wa ndani unakufa. Kwa nje, gegedu, ule utando laini na mgumu kiasi unaoufunika, inaweza kubaki nzima kwa muda, ndiyo maana mwanzoni dalili ni ndogo, asubuhi tu, na mwili ukipata moto anasahau. Mwili nao unajaribu kuujenga upya ule mfupa, unaanza kwa kuondoa uliokufa ili uweke mpya. Sasa wakati kazi hiyo inaendelea mbwa bado anatembea, anaruka, anapanda kochi. Kichwa kilichokuwa cha mviringo kinabonyea na kuvunjika vipande vidogo vidogo, kikombe na kichwa havilingani tena, na kila hatua ni mfupa kusugua mfupa. Mtoto wa binadamu ana miaka mingi ya kukua mbele yake, na kichwa chake mara nyingi hupata nafasi ya kujijenga upya akisaidiwa. Mbwa mdogo anamaliza kukua karibu na mwaka mmoja, muda haumtoshi.

Haukuletwa na jambo lolote mlilofanya, wala na kochi, wala na Neema kucheza naye. Ni ugonjwa unaofuata ukoo, na ndiyo maana habari ya dada yake wa Moshi imenishtua kuliko yote uliyoandika.

Nasema nashuku, kwa sababu sijamshika Popi. Daktari akimlaza ubavu ataukunja na kuunyoosha mguu kiungo kimoja kimoja kuanzia vidole, kwa maana mbwa huficha na mkono ndio hugundua. Atapima goti pia, kwani mbwa mdogo anaweza kuwa na nyonga mbovu na pia ya goti inayohama kwa wakati mmoja, na ukipasua moja bila kujua la pili utashangaa kwa nini hajapona. Kisha picha ya eksirei. Omba ipigwe Popi akiwa amepewa dawa ya usingizi, amelala chali, miguu yote miwili imenyooshwa sawa, ili nyonga ya kulia na ya kushoto zionekane pamoja na kulinganishwa. Mbwa mwenye maumivu hawezi kunyooshwa hivyo akiwa macho, na picha iliyopigwa kwa kumshikilia huishia kuwa pesa iliyopotea. Kwa ugonjwa uliofika alipofika Popi, kichwa cha mfupa mara nyingi huonekana kimebonyea, kina mabaka meusi kama kimetafunwa, na nafasi ya kiungo imepanuka. Ikiwa picha haina kitu na maumivu yako palepale, isichukuliwe kwamba mbwa ni mzima. Irudiwe baada ya wiki chache.

Kuna kipimo kimoja cha damu ambacho kwetu Afrika Mashariki mimi sikiachi kabla ya upasuaji wowote, nacho ni cha magonjwa ya kupe. Yule kupe wa kahawia anayeishi kwenye nyufa za kuta na vibanda vya mbwa huambukiza erlikia. Ugonjwa huo wenyewe unaweza kumfanya mbwa achechemee kwa maumivu ya viungo, ingawa mara nyingi hapo uchechemeaji huhama, leo mguu huu kesho ule, na mbwa anakuwa mnyonge, ana homa, wakati mwingine damu inamtoka puani. Popi haonekani hivyo. Lakini erlikia hupunguza chembe zinazogandisha damu, na mbwa anaweza kuwa nayo huku anakula vizuri kabisa. Afadhali ijulikane kabla ya kisu kuliko mezani damu ikikataa kuganda. Ikionekana, kuna doksisaiklini, hutolewa kwa takriban wiki nne, na upasuaji unasubiri mpaka damu irudi sawa.

Umeuliza kama mbwa mdogo namna hii anapasuliwa akapona. Anapona, na kwa upasuaji huu udogo wake ndiyo bahati yake.

Ikiwa nyonga imeharibika, upasuaji unaofanyika mara nyingi ni kukikata na kukiondoa kabisa kile kichwa kibovu pamoja na shingo yake. Najua ukimweleza shemeji atauliza mguu utashikwa na nini. Utashikwa na misuli. Mahali pale mwili hujenga kovu gumu lenye kunyumbulika, likawa kiungo cha bandia alichojitengenezea mbwa mwenyewe. Kwa mbwa wa kilo arobaini jambo hilo huwa na mashaka, uzito ni mkubwa. Kwa mbwa wa kilo sita misuli inaumudu mwili bila taabu. Mguu unakuwa mfupi kidogo, na pengine atakuwa na mwendo wenye upekee wake akichoka, lakini maumivu yale ya mfupa kusugua mfupa yanaondoka kwa sababu mfupa wenyewe haupo. Mbwa wengi wadogo niliowaona baada ya upasuaji huu wanakimbia, wanapanda ngazi, wanafukuza kuku wa watu. Ulaya na Marekani wapo madaktari wanaoweka nyonga ya bandia hata kwa mbwa wa ukubwa wa Popi, ila ni gharama kubwa sana na kwake si lazima.

Njia ya pili ni kumpumzisha na kumpa dawa za maumivu za mbwa kwa miezi. Kwa ugonjwa ulioshikwa mapema kabisa, kabla kichwa hakijabonyea, wachache hupata nafuu hivyo. Popi kwa jinsi paja lilivyokonda nadhani ameshapita hapo. Ukichagua njia hii kwa sababu ya pesa sitakulaumu, ada ya mtoto ni ada ya mtoto. Lakini kadiri mnavyosubiri paja linazidi kuisha, na paja hilohilo ndilo litakalokuja kushika mguu baada ya upasuaji. Mbwa anayepasuliwa akiwa bado na nyama hurudi haraka kuliko aliyekaa mwaka mzima na mguu hewani.

Kwa upande wa gharama, omba uandikiwe kabla ya kuanza, mstari kwa mstari: eksirei na usingizi wake, damu, upasuaji, dawa za kwenda nazo nyumbani, na ziara za kurudi. Uliza waziwazi, "Daktari, upasuaji huu wa nyonga umeufanya kwa mbwa wangapi?" Daktari mzuri hachukii swali hilo, na mwenye uzoefu mdogo wa mifupa atakuelekeza kwa mwenzake. Arusha kuna kliniki binafsi za mbwa na paka zenye eksirei. Ukikosa mpasuaji wa mifupa hapo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina hospitali yake ya wanyama ambako madaktari wa mifugo hufundishwa, nako unaweza kuulizia. Hakikisha tu anayemshika Popi amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwenye duka la dawa anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini kuuza dawa na kuchunguza nyonga ni kazi mbili tofauti.

Hiyo kalsiamu iache. Kama Popi angekuwa analishwa ugali na nyama tupu tangu alipoacha kunyonya, ningekuwa na wasiwasi wa mifupa dhaifu kweli, maana nyama haina kalsiamu ya kumtosha mtoto wa mbwa anayekua. Ila hali hiyo humuumiza miguu yote, mgongo unapinda, mifupa inavunjika kwa kuruka tu kutoka kitandani. Mguu mmoja tu kwa mbwa anayekula vizuri siyo kalsiamu, na kumzidishia kuna madhara yake. Akila chakula kamili cha mbwa, au ugali wenu na dagaa waliosagwa na mifupa yao, mayai na mboga kidogo, kinamtosha. Angalia uzito tu. Ukipitisha vidole ubavuni uzisikie mbavu bila kukandamiza. Mbwa asiyekimbia hunenepa upesi, na kila gramu anaibeba kwenye ile miguu iliyobaki.

Mpaka siku ya daktari, Popi atembee kwa kamba tu, kwenda haja na kurudi. Asipande kochi wala kitanda, na hapo Neema itabidi ashuke yeye, atandike godoro chini walale wote huko kama hawawezi kuachana. Kama sakafu yenu ni ya vigae, tandika mikeka au zulia pale anapopita, kwa kuwa mguu ukiteleza kwenda pembeni ndio unaoiumiza nyonga zaidi. Mkimbeba, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, miguu ya nyuma ikiwa imekunjwa yenyewe. Mwambie mama Neema asimwogope, Popi hajawa mkali, ni maumivu tu.

Najua kumpumzisha mbwa huyu siyo kazi ndogo. Kasisi John Russell wa Devon, kule Uingereza, aliyeanza ukoo huu karne ya 19, alitaka mbwa atakayekimbia na farasi kisha aingie shimoni kumtoa mbweha. Mnyama wa namna hiyo ukimfungia bila kazi atakula mlango. Mpe kazi ya akili. Chukua chupa ya maji ya plastiki, itoboe matundu, tia chembe za chakula chake humo, ahangaike nayo akiwa amelala, nanyi mkimwangalia asiitafune akameza vipande. Ficha vipande vya dagaa kwenye kitambaa kilichokunjwa avitafute kwa pua. Robo saa ya namna hiyo humchosha kuliko mnavyodhani.

Baada ya upasuaji, mambo yanageuka, na hapa ndipo familia nyingi hulegea. Mbwa wa upasuaji huu hatakiwi kulazwa wiki sita kama aliyevunjika mguu. Anatakiwa autumie mguu mapema, la sivyo kovu linakauka likiwa limefupika na mguu unabaki umekunjwa. Dawa za maumivu mpeni zote kama zilivyoandikwa hata akionekana mzima, kwa sababu asipoumia ndipo atathubutu kukanyaga. Mtembezeni kwa kamba polepole sana mara kadhaa kwa siku. Mbwa akikimbia huuinua mguu, akitembea pole hulazimika kuukanyaga. Daktari atawaonyesha namna ya kuukunja na kuunyoosha mguu taratibu akiwa amelala. Wengi huanza kugusisha vidole chini ndani ya wiki mbili za mwanzo, na paja hurudi polepole kwa miezi. Kazi hii mpe Neema. Apime paja kwa utepe wa fundi cherehani, mahali palepale, kila Jumapili, aandike kwenye daftari. Daktari atalifurahia daftari hilo kuliko maelezo ya "anaendelea vizuri".

Kwa shemeji, mwambie nimemsikia. Kumlaza mbwa usingizi wa mwisho kuna wakati wake, na wakati huo ni pale maumivu hayatibiki. Haya yanatibika. Hata ikitokea upasuaji umeshindikana kabisa na mguu ukaondolewa wote, mbwa wa kilo sita anaishi kwa miguu mitatu, na anaishi vizuri.

Wasomaji wengine mnaonitumia picha za mbwa wanaochechemea, msichukue jibu la Popi mkalivalisha kila mguu. Mbwa aliyechechemea ghafla leo mchana, anza na nyayo kama alivyofanya Baba Neema: mwiba wa mgunga, kucha iliyopasuka, funza katikati ya vidole. Mbwa wa makamo aliyenenepa, akaruka akalia na tangu hapo anagusisha ncha ya kidole tu, huyo tuangalie kano ya goti. Aliyegongwa na bodaboda apelekwe hata kama ameinuka akatembea, maana nyonga inaweza kuwa imevunjika na kibofu kimepasuka. Na mbwa anayeyumba miguu yote miwili ya nyuma, anakanyagia mgongo wa nyayo au hawezi kukojoa, tatizo lake liko uti wa mgongo na hana siku ya kusubiri. Huyo ni wa kwenda saa hiyohiyo, hata usiku.

Limebaki la Moshi, Baba Neema. Popi asipandishwe, hata akipona akawa anaruka ukuta. Upasuaji unaondoa mfupa, hauondoi alichorithi, na atawapa watoto wake. Wakati yuko chini ya usingizi kwa ajili ya nyonga, muulize daktari kama anaweza kuhasiwa palepale au baadaye, itakupunguzia kishawishi na gharama. Mfugaji mpigie tena, bila ugomvi. Mwambie watoto wawili wa uzao mmoja wakichechemea, wale wazazi wawili wasikutanishwe tena, na aache kuwazalisha mpaka yule dada apigwe eksirei. Mpe jina la ugonjwa alitaje kwa daktari wake. Na muulize, tafadhali, watoto wengine wa uzao ule walikwenda kwa nani. Kuna familia nyingine huko iliyoambiwa ni goti, inasubiri.